Kandofigo, si Tezi ya Juu ya Figo

Kijitabu cha istilahi kinachozunguka mikononi mwa maofisa mifugo wa Bukoba na Muleba kinasema paka mwenye maambukizi makali ya bakteria huweza kupatwa na "kushindwa kwa tezi za juu ya figo". Waheshimiwa waliopitisha istilahi hiyo hawakumtazama paka. Binadamu akisimama, tezi hizo zimekalia figo. Paka anatembea kwa miguu minne: tezi zake ziko mbele ya figo, upande wa ndani, jirani na mishipa mikuu ya damu.

Kilatini hakikukosea. *Ad* ni kando, karibu; *renes* ni figo. "Juu" imetoka kwa Wagiriki, *epi* na *nephros*. Ndiyo maana homoni ileile ya tezi hizo Mwingereza huiita adrenalini na Mmarekani epinefrini. Figo lenyewe ni neno letu la Kibantu. Ukivuka Mutukula, Waganda husema *ensigo*. Kando nalo tunalo. Basi tuunge: kandofigo. Silabi nne, na linamfaa mtu, ng'ombe na paka. Mtaalamu mmoja alidai linasikika kama jina la kitongoji cha Muleba. Na liwe, vitongoji vya Muleba vimepewa majina kwa busara kuliko kurasa nyingi za kijitabu chake.

"Kushindwa" nako kunapotosha. Ugonjwa aliouandika Thomas Addison mwaka 1855 huharibu tezi zenyewe. Kifua kikuu kilikuwa kisababishi chake kikubwa. Kwa paka ambaye jeraha la kung'atwa limepeleka sumu kwenye damu, mara nyingi tezi zingali hai na zinatoa homoni ya kotisoli, ila haitoshelezi mahitaji ya mwili. Masikio yanapoa, fizi zinapauka, mapigo ya moyo yanapungua, presha inashuka na dripu haiipandishi. Maambukizi yakidhibitiwa, tezi huweza kurudia kazi yake. Huko ni kuelemewa, kama baiskeli iliyopakiwa mikungu ya ndizi kupita kiasi: ukiipunguzia mzigo, inatembea.

Kwa matumizi: andika kwenye kadi "kandofigo zimeelemewa", tibu kwa antibayotiki na dripu, na presha ikikataa kupanda, daktari huongeza haidrokotisoni kwa muda mfupi.

Pendekezo hili nililiwasilisha kwa maandishi, nikaambiwa lisubiri kikao. Kikao kimekaa, chai imenyweka, na toleo jipya limebadilishwa rangi ya jalada.