Uvimbe wa taya usiopona: jinsi chanzo chake kinavyotambuliwa

UVIMBE wa taya mara nyingi hutokana na jino lililooza, nao hupungua jino hilo likishatibiwa au kung'olewa. Unapodumu kwa wiki kadhaa, ukatumbuka usaha, ukafunga na kisha kufumuka tena, chanzo huenda kimo ndani ya mfupa.

Miongoni mwa maambukizo adimu ya mfupa huo ni aktinomaikosisi. Vimelea vyake vilipewa jina mwaka 1877 na Harz wa Ujerumani, aliyevichunguza katika taya za ng'ombe. Mwaka uliofuata, James Israel wa Berlin aliueleza ugonjwa huo kwa binadamu. Hata hivyo, mtu haambukizwi na ng'ombe. Bakteria wanaohusika huishi kinywani mwa watu wazima wenye afya, na hupenya ndani kupitia jino bovu, jeraha au taya iliyovunjika.

Kwa mkazi wa Ntalikwa, kata ya Manispaa ya Tabora, hospitali ya rufaa ya mkoa ni Kitete. Hatua ya kwanza ya uchunguzi ni maelezo ya mgonjwa: uvimbe ulianza lini, jino gani liling'olewa, na dawa zipi zimekwisha kutumika. Asifiche hata vidonge vichache vya dukani, kwani dozi isiyokamilika hutuliza uvimbe bila kuuponya, na huweza kuzuia bakteria kuota maabara. Aidha, hupimwa kisukari na virusi vya Ukimwi, ambavyo hudhoofisha kinga ya mwili.

Hufuata picha ya eksirei. Katika wiki mbili za mwanzo picha hiyo huweza kuonekana safi ilhali mfupa umekwisha kuathirika, hivyo jibu zuri la mapema halimalizi uchunguzi.

Uthibitisho hutoka katika kipande cha mfupa au nyama ya ndani. Usaha uliopanguswa juu ya kidonda hubeba vijidudu vya ngozi na kinywa, hivyo huweza kupotosha. Kipande hicho hugawanywa: sehemu moja hutiwa fomalini kwa ajili ya hadubini, nyingine hupelekwa kuoteshwa bila kuguswa na fomalini, kwa kuwa dawa hiyo huua bakteria. Maabara huarifiwa mapema ili ioteshe sampuli pasipo hewa ya oksijeni, kwa muda unaoweza kufika siku 14. Chembechembe za manjano ndani ya usaha ni dalili muhimu. Kifua kikuu cha mfupa nacho hutafutwa.

Kwa mtoto, tahadhari huongezeka. Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, daktari Denis Burkitt alimwona mtoto aliyevimba taya zote, juu na chini, pande mbili. Yalikuwa si maambukizo, bali saratani inayokua haraka mno, ambayo leo huitwa kwa jina lake. Saratani hiyo hutibika ikiwahiwa.

Aktinomaikosisi pia hutibika, lakini penisilini huhitajika kwa miezi mingi, pengine pamoja na upasuaji wa kuondoa mfupa uliokufa. Mgonjwa anayeshindwa kufungua kinywa, kumeza au kupumua vizuri asisubiri majibu ya maabara. Apelekwe hospitali mara moja.