Theluji Iliyoonekana Kutoka Kitui

Desemba 3, 1849, akiwa Kitui, mmisionari Johann Ludwig Krapf aliuona Mlima Kenya na theluji yake. Mwenyeji wake Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Wakamba, alikwisha kumweleza habari za mlima huo. Huko London, mwanajiografia William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika, alizipinga taarifa za wamisionari kuhusu theluji karibu na ikweta. Kilichoizuia sayansi hapa si dini, bali nadharia iliyokataa kupimwa. Imani haikumzuia Pascal kupima: mwanasayansi huyo Mfaransa, mcha Mungu, mwaka 1648 alimtuma shemeji yake apande Puy de Dôme na zebaki kupima uzito wa hewa. Mtu atasema Krapf alitafuta waumini, si maarifa. Ni kweli, lakini nia ya shahidi haifuti alichokiona. Mwaka 1887 mpelelezi Teleki alipanda miteremko ya Mlima Kenya, na theluji ilikuwapo.