Besi ya zamani bila nyuzi zake ni mbao tu

Wasee wa Litein, mnabishana Precision au Jazz na hakuna anayeuliza juu ya nyuzi!

Hapa jirani, Kapkatet, Hugh Tracey alirekodi wasichana wa Kipsigis mwaka 1950 wakiimba "Chemirocha" kwa chepkong, kinubi cha nyuzi 6. Chemirocha ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki 1933. Huku kwetu akageuzwa nusu mtu, nusu swala. (Bado nacheka.) Mwaka uliofuata, kule California, Leo Fender akatoa Precision Bass. Jazz Bass ikaja 1960, shingo nyembamba, pikapu mbili, sauti yenye makali zaidi.

Sasa, Precision za kwanza zilipigwa na nyuzi za waya bapa: laini kwa vidole, sauti nene, inazima haraka. James Jamerson wa Motown alipiga hizo hizo. Waya wa mviringo, ule unaokwaruza na kung'aa, ulienea miaka ya 60, Rotosound ya Uingereza ikiongoza.

Kwa hivyo ukiweka waya wa mviringo kwa Precision ya miaka ya 50 halafu ulalamike haina "ile sauti", aki kosa ni lako. Benga ni stori tofauti. Pale besi inakimbizana na gitaa na kila noti lazima isikike, chukua Jazz na waya wa mviringo. Ila waya bapa mara nyingi huvuta zaidi, so fundi aangalie shingo kuukuu kwanza.

Halafu rudi usikilize chepkong.