Gitaa la besi la zamani: kutu, skrubu na bei ya haki

GOMA – Katika mtaa wa Katoyi, komini ya Karisimbi, gitaa la besi halinunuliwi jipya mara nyingi. Linatoka kanisa moja kwenda lingine, au kwa mpigaji aliyezeeka kwenda kwa kijana, au linauzwa haraka na familia iliyokimbia vita na ambayo leo inatafuta unga na pesa ya nyumba. Anayeuza ana njaa. Anayenunua ana haraka ya ibada ya Jumapili. Katikati yao kuna chombo chenye kutu ambacho hakuna anayejua umri wake. Hapo ndipo watu wanaibiwa bila hata kuwepo mwizi.

Chombo chenyewe si cha kale sana. Mwaka 1951, fundi Leo Fender wa Fullerton, California, Marekani, alianza kuuza gitaa la besi aliloliita Precision. Kabla ya hapo orkestra zilitegemea kontrabasi, lile dubwana la mbao linalosimama kama mtu, ambalo ngoma na tarumbeta zilimeza sauti yake. Fender alifupisha mbao, akaweka sumaku ya kunasa sauti, kisha akapanga vyuma vidogo juu ya shingo ili kidole kipate noti kamili bila kubahatisha. Bei ilikuwa karibu dola 200, na hiyo haikuwa pesa ndogo wakati ule.

Kongo ilipokea umeme wa gitaa mapema. Mwaka 1953 Mbelgiji Bill Alexandre alileta gitaa la umeme Léopoldville, kwenye studio ya CEFA. Miaka saba baadaye African Jazz ya Joseph Kabasele ilikwenda Brussels wakati wa Meza ya Duara ya 1960, na Brazzos, ambaye alikuwa mpiga gitaa wa OK Jazz, ndiye aliyeshika besi. Tangu hapo rumba haikurudi nyuma. Bila besi, sebene ni kelele tu. Wazee waliosikiliza TPOK Jazz wanajua kazi ya Decca Mpudi hata kama hawajui jina lake.

Huku mashariki, njia ya besi ilipita mipakani. Samba Mapangala aliita orkestra yake ya Nairobi Virunga, jina la milima hii inayoonekana kutoka Goma. Remmy Ongala wa Kindu alifika Dar es Salaam mwaka 1978 na kuingia Orchestra Makassy. Lakini mara nyingi mpigaji hakuwa mwenye chombo. Vyombo vilikuwa vya tajiri wa bendi au vya shirika, kama ilivyokuwa kwa NUTA Jazz ya Tanzania, bendi ya chama cha wafanyakazi iliyoanzishwa mwaka 1964. Kijana akihama bendi, besi inabaki ikimngoja mwingine. Ndiyo sababu magitaa ya zamani ya eneo hili hayana karatasi wala historia. Moja limepita mikononi mwa watu kumi, na kila mmoja amefungua kitu na kufunga kingine.

Kisha nchi ikaharibika. Baada ya uporaji wa 1991 na 1993, kupata vipuri kulikuwa kazi ngumu. Mafundi walichemsha kamba zilizochoka ili zirudishe sauti, na wapo waliofunga waya wa breki ya baiskeli kwenye gitaa. Ujuzi huo unastahili heshima. Lakini una alama zake, kwa sababu waya mgumu unakwangua vyuma vya shingo na kuacha vijifereji.

Basi ukaguzi uanzie shingoni. Kamba nne, Mi, La, Re na Sol, zikikazwa kawaida huvuta kwa nguvu ya karibu kilo 75 hadi 80, mchana na usiku, miaka arobaini. Bonyeza kamba ya Mi kwenye chuma cha kwanza na cha mwisho kwa wakati mmoja, kisha tazama katikati, karibu na chuma cha saba. Nafasi ya unene wa kadi ya simu ni nzuri. Kidole kikipita, shingo imepinda. Ndani yake kuna fimbo ya chuma ya kuinyoosha, na nati yake ndiyo roho ya mkataba huu: ikiwa imekwama au kichwa chake kimeliwa, punguza bei sana au uache. Kwenye Precision za zamani nati hiyo iko upande wa mwili, na lazima shingo ifunguliwe ili kuifikia. Muuzaji anayekataa ifunguliwe mbele yake aulizwe kwa nini.

Baada ya shingo, kutu. Wakaaji wa Goma hawahitaji kufundishwa jambo hili: gesi ya Nyiragongo na Nyamulagira inageuza mvua kuwa chachu, na mabati yanaliwa kabla ya wakati wake. Skrubu za gitaa zinaliwa vilevile, hasa kwenye nyumba ya mbao iliyojengwa juu ya mawe ya lava, ambamo unyevu hauna pa kutokea. Ongeza jasho la mkono wa mpigaji. Kutu ya juu tu, inayotoka kwa kitambaa na mafuta kidogo, si ugonjwa. Ugonjwa ni skrubu ya daraja isiyozunguka tena, au kifungo cha kukazia kamba kinachoteleza kila baada ya wimbo mmoja. Zungusha kila kimoja. Vyote, si viwili vya mfano.

Kelele ya kukwaruza unapogeuza kinundu cha sauti inaogopesha wanunuzi wengi, na wauzaji wanapoteza pesa kwa sababu yake. Mara nyingi ni vumbi tu, na dawa ya kusafishia umeme inaliondoa. Sumaku iliyokufa ni habari nyingine. Unganisha ampli, gusa sumaku kidogo kwa bisibisi: ikinyamaza kabisa, na waya na tundu ni vizima, hesabu gharama.

Umri je? Nambari pekee haitoshi. Hadi mwaka 1976 Fender iliichapa kwenye bamba la chuma nyuma ya shingo, na bamba hilo lina skrubu nne tu. Mtu analihamisha kwa dakika tano. Ushahidi bora uko ndani. Mwisho wa shingo mara nyingi huwa na tarehe, na vinundu vya sauti vina tarakimu zao: 1376612, kwa mfano, ni kiwanda cha CTS, mwaka 1966, wiki ya 12. Gitaa haliwezi kuwa limekamilika kabla ya kinundu chake cha asili kutengenezwa. Matundu ya skrubu yasiyo na kazi yanaonyesha kwamba kitu kilibadilishwa.

Hapa kuna bei mbili, na kuzichanganya kunaumiza. Mkusanyaji wa Ulaya analipia uasili: Precision ya miaka ya 1950 isiyoguswa inapita dola elfu kumi, na ikipakwa rangi upya inaweza kupoteza karibu nusu. Kwaya ya Katoyi inalipia sauti. Kwake, kifungo kipya kinachoshika kinashinda cha asili kinachoteleza, na kopi ya Kijapani ya miaka ya 1970 inatosha kabisa. Tuseme gitaa zima la aina hiyo ni dola 200, na matengenezo ni dola 60: bei ya haki inaanzia 140. Lakini sehemu za zamani zikitolewa, zisitupwe. Ziwekwe kwenye sashe, ziende pamoja na gitaa.

Familia zilizoacha vyombo nyuma zina sababu ya kujua habari ya Paul McCartney. Besi yake ya Höfner, aliyoinunua Hamburg mwaka 1961 kwa karibu pauni 30, iliibwa London mwaka 1972. Ilirudi kwake baada ya zaidi ya miaka hamsini, na habari ikatangazwa mwaka 2024. Ilihitaji matengenezo, lakini ilitambulika kwa alama zake. Mwenye gitaa aliye bado nalo apige picha ya nambari, ya kila mkwaruzo na ya ndani ya shingo, kisha azitume kwa ndugu aliye mji mwingine. Simu nayo inaweza kupotea njiani.