Mshenga

Katika ngano ya Sultani Darai, iliyokusanywa Unguja na Edward Steere na kuchapishwa London mwaka 1870, anayekwenda kuposa si bwana harusi, ni paa. Maskini Haamdani, aliyekuwa akichakura jaani, alimnunua kwa thumuni moja. Paa akaokota almasi, akaipeleka kwa sultani mmoja na kumwombea bwana wake binti. Hiyo ndiyo kazi ya mshenga: kubeba neno la mwingine na kulisimamia kwa heshima yake mwenyewe.

Mwandishi atakayeigeuza ngano hii kuwa riwaya ya mapenzi ya Unguja ya karne ya 19, isiyo na aibu kusomwa mbele ya wazazi, asihangaike kutafuta neno jingine badala ya mshenga. Wachumba wasiokutana faraghani hujuana kupitia mshenga, na shauku yote hukaa katika analolisema na analolificha. Na paa huyu alificha mengi! Baadaye alipougua, Haamdani alimpuuza. Mke wa Haamdani, yule binti wa sultani, ndiye aliyemuuguza paa na kumlilia. Hapo ndipo penye riwaya. Waandishi wetu, anzieni kwa mke huyo.