Filamu iliyozaliwa katika michoro ya watoto

Hapa bandarini Kituku, makala ya kupikia hayakosekani. Asubuhi magunia yanashushwa kutoka kwenye boti, na vipande vinavyoanguka vinaokotwa na watoto. Vipande vikubwa vinaenda nyumbani kwa mama. Vidogo vinabaki mikononi, na mtoto mwenye kaa mkononi hachelewi kupata mahali pa kuchora.

Wiki jana nilimkuta mtoto wa miaka kama tisa akichora juu ya ubao wa mtumbwi mzee uliopinduliwa. Alichora boti. Ndani yake alijaza vichwa, vichwa tu, bila miili. Pembeni, ndani ya maji, akaongeza vichwa vingine. Nikamuuliza: "Mwanangu, hawa ni nani?" Akanijibu bila kuinua macho: "Ni watu wa Minova, papa." Akaendelea na kazi yake. Jioni niliporudi, mama mmoja alikuwa ametandaza sambaza zake juu ya ubao ule. Mchoro haukuwepo tena.

Msomaji wa Kituku hahitaji kuelezwa mtoto alikuwa anachora nini. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti iliyotoka Minova ikiwa imejaa kupita kiasi ilizama karibu kabisa na bandari hii, watu wakiwa nchi kavu wanaitazama. Simu zilirekodi. Sisi wa redio tulitoa habari, tukatoa idadi ya miili, tukasoma majina ya waliotafutwa. Baadaye zikaja habari nyingine, na nyingine tena. Mtoto huyu hana simu wala maikrofoni, lakini habari ile bado iko mkononi mwake.

Usiku nilikumbuka filamu moja fupi ya Mkongo mwenzetu, iliyotengenezwa mwaka 1992. Historia yake ndiyo ninayotaka kuwapa leo, hasa ninyi wazazi mliokimbia makwenu mkiwa na watoto.

Kinshasa ilipoporwa

Wenye umri wanakumbuka. Tarehe 23 Septemba 1991, wakati nchi yetu ikiitwa Zaire, askari wa kambi iliyo karibu na uwanja wa ndege wa N'djili mjini Kinshasa walichoka na mishahara isiyotosha kitu. Wakaasi, wakaanza kupora. Raia wengi waliokuwa na njaa wakafuata nyuma yao. Maduka, maghala, viwanda na nyumba za watu viliachwa vitupu. Moto huo ulifika hadi miji mingine. Ufaransa na Ubelgiji zikatuma askari kuja kuwaondoa wageni. Januari 1993 uporaji ukarudi, safari hii baada ya askari kulipwa kwa noti mpya za zaire milioni tano ambazo wafanyabiashara walikataa kuzipokea.

Mambo hayo yakisimuliwa, tunasikia majina ya wakubwa: Mobutu, Tshisekedi, Mkutano Mkuu wa Taifa uliokuwa umeanza mwezi Agosti. Mtoto aliyejificha chini ya kitanda siku ile hatajwi. Hakuwa mjumbe wa mkutano wowote, wala hakuna mwandishi aliyempa nafasi ya kusema.

Mtu mmoja alimpa nafasi hiyo. Anaitwa Jean-Michel Kibushi Ndjate Wooto. Alizaliwa mwaka 1957 huko Lubefu, katika Sankuru, akasomea michezo ya kuigiza katika Taasisi ya Taifa ya Sanaa mjini Kinshasa. Huko ndiko alipoanza kuchora filamu, zile ambazo watoto wetu wanaziita desen anime. Alijifunza kazi hiyo kwa msaada wa Atelier Graphoui, karakana ya Brussels. Mwaka 1988 alianzisha studio yake mwenyewe na kuiita Malembe Maa. Wasemaji wa Lingala wanaelewa: ni kwenda polepole, hatua kwa hatua. Haikuwa jumba lenye vioo. Ilikuwa studio ya kutembea, inayobeba vyombo vyake na kupeleka filamu kwa watu mahali walipo.

Filamu yake ya 1991 ilichukua hadithi ya Watetela, wazee wake, kuhusu chura anayekwenda kwa wakwe zake. Ni hadithi ya kuchekesha, ya jioni karibu na moto. Halafu ukaja uporaji. Mwaka 1992 akatoa filamu ya dakika chache, Kinshasa, septembre noir, yaani Septemba nyeusi ya Kinshasa. Aliijenga juu ya michoro ya watoto waliouona uporaji ule.

Hapo ndipo penye uzito. Kibushi alikuwa mchoraji, na angeweza kuchora bunduki na magari kwa ufundi wake mwenyewe. Aliiacha mistari ya watoto, iliyopinda kama ilivyopinda, ndiyo isimulie. Katika mchoro wa mtoto, bunduki inaweza kuwa ndefu kuliko nyumba, na askari mkubwa kuliko mti. Mtaalamu wa vipimo atasema ni makosa. Sisi tuliolala chini ya kitanda tukisikiliza milio tunajua kwamba siku ile bunduki ilikuwa ndefu kuliko nyumba.

Waliotangulia

Kibushi hakuwa wa kwanza kuleta hadithi zetu kwenye filamu za kuchora. Katika miaka ya 1950, wakati wa Wabelgiji, padri wa Scheut aitwaye Alexandre Van den Heuvel alitengeneza filamu kuhusu Mboloko, yule paa mdogo mjanja anayefanya katika hadithi za Kongo kazi ambayo Sungura anafanya kwingine. Hadithi ilikuwa ya Wakongo, lakini filamu ilikuwa ya misheni, kwa makusudi ya misheni. Mkongo alikaa upande wa kutazama.

Mwafrika aliyevuka upande wa pili mapema alikuwa Moustapha Alassane wa Niger, aliyezaliwa mwaka 1942 na kufariki mwaka 2015. Kabla hajapata kamera, alikata picha za makaratasi na kuzimulika ukutani kwa taa, watu wakazitazama kama sinema. Baadaye alipata nafasi ya kwenda Kanada kujifunza kwa Norman McLaren. Mwaka 1966 akatoa Bon voyage, Sim: rais wa vyura anakwenda ziara katika nchi ya jirani, anapigiwa ngoma na kupewa heshima, na akirudi nyumbani anakuta hana kiti tena. Wakati huo ukisema hivyo kuhusu rais wa kweli ungejitafutia matatizo. Chura alisema kwa niaba ya watu.

Huyo McLaren naye anastahili maneno mawili. Alikuwa Mskoti aliyehamia Kanada, na alizoea kuchora moja kwa moja juu ya ukanda wa filamu, bila kamera. Aliona vita vya Hispania mwaka 1936 akiwa mpiga picha, na mwaka 1949 alikuwa China wakati wa mapinduzi. Aliporudi alitengeneza filamu iitwayo Neighbours, yaani Majirani, iliyotoka mwaka 1952. Wanaume wawili wanaishi kwa amani, kila mmoja mbele ya nyumba yake. Ua moja linaota katikati, penye mpaka. Kila mmoja anasema ni langu. Wanajenga ugomvi, wanapigana, wanaua hata familia zao, mwisho wanakufa wote wawili, na ua lenyewe limekwisha kukanyagwa. Ni dakika nane tu. Yeyote aliyeona mashamba ya Masisi na Rutshuru yakigombaniwa hatahitaji mkalimani.

Kazi ya polepole

Wengi wanadhani filamu hizi zinahitaji mashine kubwa. Zinahitaji subira kwanza. Filamu ya kawaida hupitisha picha 24 kwa sekunde moja. Mchoraji maskini huchora 12, kila moja anaipiga mara mbili, na jicho linakubali. Kwa hiyo dakika moja ni michoro 720. Dakika saba ni zaidi ya 5,000. Ukiamua kukata picha za karatasi na kuzisogeza kidogo kidogo, unapunguza kuchora, lakini huongezi mwendo: unasogeza mkono wa karatasi, unapiga picha, unasogeza tena. Leo simu ya kawaida yenye programu ndogo inaweza kufanya sehemu ya kamera.

Polepole hiyo ina faida yake. Sisi wa habari tunakimbia: saa kumi na mbili asubuhi taarifa, saa saba taarifa, jioni taarifa. Kinachokimbia kinasahaulika mapema. Mtu anayekaa siku nzima kusogeza boti moja ya karatasi kutoka upande huu wa meza hadi ule amekaa na watu wa boti ile siku nzima. Mtazamaji naye anapata nafasi ya kukaa nao.

Kibushi aliendelea hivyo hivyo. Mwaka 1999 alitoa Muana Mboka, kuhusu mtoto wa mitaani wa Kinshasa anayemwokoa waziri katika ajali ya gari. Mwaka 2004 akatoa Prince Loseno. Filamu fupi, miaka mingi katikati. Malembe maa.

Na sisi Goma?

Mji wetu si mgeni katika sinema. Petna Ndaliko Katondolo na wenzake wa Yole!Africa wamewafundisha vijana wa Goma kushika kamera tangu miaka ya mwanzo ya 2000, mji ukiwa bado unatoa moshi wa lava ya Januari 2002. Filamu yake Kapita, ya mwaka 2020, inazirudia picha za kale za wakoloni kuhusu migodi na kuzitazama kwa jicho letu. Kwa hiyo swali langu si kama tunaweza. Nauliza tunachunga nini.

Katika kambi zilizozunguka mji huu, watoto walichora sana. Mimi mwenyewe nilihudhuria mara kadhaa: wageni wanakuja na karatasi na rangi, watoto wanakaa chini ya bache, wanachora nyumba zinazoungua, ng'ombe waliouawa, baba aliyebaki njiani. Jioni karatasi zinakusanywa, zinaingia katika gari na kuondoka. Sijawahi kuona moja ikirudi. Mwanzoni mwa 2025 kambi zilipovunjwa, wazazi walibeba mabache, sufuria na bidoni. Nani angefikiria karatasi? Tuseme miaka ishirini ijayo mtu atake kujua mtoto wa Sake au wa Kitshanga aliona nini. Atapata ripoti na hesabu za wakubwa, na huenda michoro ikawa katika kabati la mbali ambalo hatuna ufunguo wake.

Michoro ya watoto wa Kinshasa ilibaki kwa sababu mtu wa nchi hii aliona kwamba ina thamani, akaigeuza kuwa filamu yenye jina na mwaka. Bila hivyo ingetupwa au kuwashia moto.

Kwa hiyo, ndugu wasikilizaji na wasomaji, nawaomba mambo machache. Mtoto akichora, usimlazimishe kuchora vita, na usimkataze. Mwulize ni nini, msikilize hadi amalize. Nyuma ya karatasi andika tarehe, mahali na alichokisema. Jina lake linaweza kubaki nyumbani kama lina hatari. Karatasi ikikosekana na akachora ukutani au kwenye ubao, ipige picha kwa simu kabla mvua haijafika. Mtu akitaka kuichukua, mwambie akuachie nakala. Na ninyi vijana mnaojua kushika simu na mnaotafuta kitu cha kufanya: michoro 720 ni dakika moja. Anzeni na sekunde tano.

Jana nilirudi bandarini na daftari na kalamu. Mtoto yule sikumkuta. Wenzake walisema amekwenda kuchota maji. Nimeacha daftari kwa mama mwuza sambaza, yule yule wa ubao. Alicheka, akalifunga ndani ya mfuko wa plastiki lisilowe, akasema: "Nitamupa."

Kutoka Kituku, Goma.