Bahati Nasibu ya Mali Binafsi: Historia ya Dhana na Istilahi Zake

Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilirekebisha Sheria ya Tafsiri ya Sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Tangu hapo mzigo wa mfasiri umeongezeka uzito, kwani neno moja likiwekwa pasipo pake laweza kumtia hatiani asiye na kosa, au kumwokoa aliyevunja sheria. Katika makala haya tunakusudia kuchunguza dhana moja iliyo mfano mwema wa jambo hilo. Mtu ana nyumba, shamba au gari. Badala ya kumtafuta mnunuzi mmoja, anauza tiketi kwa watu wengi. Kisha mmoja wao, kwa bahati tu, anapewa mali hiyo, na mwenye mali anabaki na fedha zote. Je, tendo hilo tuliite kura, mnada, kamari au bahati nasibu? Kabla ya kujibu, yafaa tutazame historia ya dhana yenyewe.

Katika Uingereza uuzaji wa namna hiyo ulikuwa umeenea sana katika karne ya 17. Mwishoni mwa karne hiyo Bunge lilipiga marufuku bahati nasibu za watu binafsi, huku Serikali ikiendelea kuchezesha zake kwa ajili ya hazina. Watu wakabuni hila: wakaacha jina la bahati nasibu, wakasema kwamba wanafanya "mauzo" tu. Ndipo sheria ya mwaka 1739 ilipokuja kutaja mambo kwa majina yake. Ilikataza kuuza nyumba, ardhi, vito, meli au bidhaa kwa njia ya tiketi, namba, karata au dadu, hata kama mwenyewe ameyaita mauzo. Mvunjaji alitozwa paundi 200, na mauzo yenyewe yalihesabiwa kuwa batili. Hapa pana fundisho la kwanza kwa mwanaistilahi: sheria ilikuwa ikipambana na jina lililotumiwa kuficha tendo.

Tangu hapo mwenye mali aliyetaka kutumia njia hiyo hakuwa na budi kuomba sheria maalumu ya Bunge. Sir Ashton Lever, aliyekuwa na makumbusho mashuhuri mjini London, alipata ruhusa hiyo mwaka 1784. Alikusudia kuuza tiketi 36,000 kwa gini moja, yaani shilingi 21, kila moja. Ziliuzwa kiasi cha 8,000 tu, na zilizosalia zikabaki mikononi mwake. Juu ya kuwa na tiketi nyingi hivyo, alishindwa: mwaka 1786 makumbusho yote yalimwangukia James Parkinson. Kinyume chake, John Boydell, mchapishaji wa picha aliyelemewa na madeni, alipata ruhusa mwaka 1804, na tiketi zake 22,000 za gini tatu kila moja zikauzwa zote. Boydell alifariki mwezi Desemba mwaka huohuo, kabla ya mshindi kujulikana.

Utaratibu huohuo ulivuka bahari hadi Marekani. Mwaka 1826 Thomas Jefferson, aliyekuwa Rais wa tatu wa nchi hiyo, alikuwa na umri wa miaka 82 na deni lililozidi dola 100,000. Katika jimbo la Virginia hakuna aliyeweza kuichezesha mali yake bila idhini ya Baraza la Kutunga Sheria, basi naye akaiomba. Hoja yake ilikuwa kwamba mali kubwa isiyogawanyika ni vigumu kupata mnunuzi mmoja wa kuilipia thamani yake, ilhali watu wengi wakitoa kidogo kidogo, thamani kamili hupatikana na hakuna anayeumia sana. Baraza lilikubali, lakini kwa sharti kwamba mali ikadiriwe thamani yake ya haki. Jefferson alifariki tarehe 4 Julai mwaka huo, na mpango wake haukufanikiwa. Mwezi Januari 1827 mali yake ilinadiwa, na miongoni mwa "mali" hiyo walitangazwa watumwa 130. Kwa binadamu hao tofauti baina ya bahati nasibu na mnada haikuwa suala la kamusi: kushindwa kwa ile ya kwanza kuliwaleta mbele ya mnadi, na jamaa wengi wakatenganishwa.

Kutokana na historia hii sheria za nchi nyingi zimejenga dhana ya bahati nasibu juu ya nguzo tatu: mshiriki hulipa, kuna zawadi, na anayeipata huamuliwa na bahati tupu. Nguzo moja ikiondolewa, jina hubadilika. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2005 yafuata msingi huo, nayo hairuhusu bahati nasibu kwa faida ya mtu binafsi. Kwa sababu hiyo wenye nyumba wa huko wanaotaka kuzitoa kwa tiketi hulazimika kuondoa nguzo mojawapo: ama huweka mlango wa kushiriki bila malipo, ama huuliza swali lenye ugumu wa kutosha kuwazuia washiriki wengi. Swali ambalo kila mtu analijua halitoshi.

Sasa tuyapime maneno yetu. "Kura", lenye asili ya Kiarabu, lilikuwa na maana ya kuamua kwa bahati, na wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wanalijua kwa maana hiyo. Lakini kura haidai malipo, na leo maana ya uchaguzi imetangulia nyingine zote. "Mnada" haufai kabisa, kwani humo mali huchukuliwa na aliyepanda dau zaidi, wala bahati haina kazi. "Kamari" limebeba lawama ya dini na ya jamii. Lafaa katika mahubiri na katika mazungumzo, lakini katika sheria lingehukumu kabla ya hakimu. "Bahati nasibu" limeunganisha maneno mawili yanayotiliana nguvu, nalo limezoeleka katika jina la Bahati Nasibu ya Taifa. Juu yake limesimama neno pana zaidi, "michezo ya kubahatisha", lililomo katika jina la Kiswahili la Bodi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, ambayo kazi yake ni kutoa leseni na kusimamia michezo hiyo nchini Tanzania.

Kwa hiyo tunapendekeza "bahati nasibu ya mali binafsi" kwa tendo tulilolieleza, na "bahati nasibu ya hisani" pale ambapo faida yote huenda kwenye shule, hospitali au shughuli nyingine ya manufaa ya umma. Tofauti hii ya mwisho isipuuzwe, kwa kuwa swali la sheria aghalabu ni hili: nani anafaidika? Mtumishi wa umma akipokea barua ya mtu anayeomba "kufanya mnada wa tiketi" wa gari lake, asihangaike na jina alilolikuta. Na atafute nguzo tatu. Akiziona zote, basi iliyo mbele yake ni bahati nasibu, na mwombaji hana budi kuelekezwa kwenye leseni kabla ya kuuza tiketi ya kwanza.

Tunawakaribisha wafasiri na walimu wayapime mapendekezo haya katika kazi zao, na watuletee maoni yao kabla istilahi hizi hazijasanifiwa.